Kidonda cha mbwa kimepona, sindano za nini tena?

Bibi mmoja wa Sola, hapa mkoani Simiyu, aliniletea mjukuu wake wa miaka tisa siku 16 baada ya kung'atwa na mbwa. Mtoto alikuwa anachunga ng'ombe na wenzake. Mbwa asiyejulikana alitokea upande wa mashamba ya pamba, akamng'ata nyuma ya mguu chini kidogo ya goti, kisha akaendelea na safari yake bila hata kubweka. Jioni ile ile watu wa kitongoji cha pili walimuua kwa fimbo baada ya kumng'ata ndama, wakamfukia.

Nyumbani kidonda kilipakwa mafuta ya taa na kufungwa kitambaa. Kesho yake walikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, wakaambiwa chanjo imekwisha, warudi wiki inayofuata. Hawakurudi. Nauli ilikuwa imewaishia, na kidonda kilikuwa kinakauka vizuri. Walikuja kwangu kwa sababu afisa mifugo alipita kitongojini akiuliza ni nani mwingine aliyeng'atwa na mbwa yule.

Bibi alikunja suruali ya mtoto akanionyesha. Kweli, lilibaki kovu tu.

"Mwanangu daktari," akasema, "kidonda si hiki kimeshapona? Sindano za nini tena?"

Msomaji, swali lile lilikuwa la haki kabisa. Jipu likikauka tunashukuru Mungu na kuendelea na kazi. Kwa nini kidonda cha mbwa kiwe tofauti? Jibu limo ndani ya mshipa wa fahamu, na sehemu yake kubwa imepatikana kwa watu waliokaa kwenye vyumba vyenye giza, macho yao kwenye hadubini, wakitazama vitu vidogo sana vikisafiri ndani ya seli iliyo hai. Leo nataka tutazame walichokiona, kwa sababu mzazi akikielewa hatasubiri hata siku moja mtoto wake aking'atwa.

Seli yenye urefu wa mguu

Mwili wetu umejengwa kwa seli, na nyingi ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuziona kwa macho. Seli za neva, zile zinazounda mishipa ya fahamu, nazo ni ndogo, lakini zina ajabu moja. Seli inayoamrisha msuli wa mguu ina kiwiliwili chake ndani ya uti wa mgongo, maeneo ya kiunoni. Kutoka hapo inatoa mkia mmoja mwembamba kuliko unywele, unaoitwa aksoni, ambao unashuka hadi kwenye msuli. Kwa mtu mzima, mkia unaofika kwenye unyayo una urefu wa karibu mita moja. Kiwiliwili chenyewe hakifiki hata sehemu ya kumi ya milimita.

Sasa fikiria shida ya seli hiyo. Karakana yake iko kiunoni, lakini kazi inafanyika mguuni. Protini nyingi zinatengenezwa kwenye kiwiliwili, kisha lazima zipelekwe hadi mwisho wa mkia. Mitokondria, ambazo ndizo mitambo ya nishati ya seli, lazima zifikishwe huko. Vifuko vyenye malighafi za kupeleka ujumbe kwenye msuli vinahitajika huko huko. Vilivyochakaa navyo lazima virudishwe nyumbani vikasagwe. Vitu hivi, yaani mitokondria, vifuko na vinginevyo vya aina hiyo, ndivyo wataalamu wanaviita oganeli: viungo vidogo vya ndani ya seli.

Kwa hiyo ndani ya kila mkia wa neva kuna barabara. Barabara hizo ni mirija myembamba mno, inayoitwa mikrotubuli. Juu yake wapo wapagazi, yaani protini zenye kitu kama miguu miwili, ambazo hushika mzigo na kutembea hatua kwa hatua huku zikitumia nishati ya seli. Mpagazi wa kushuka, kutoka kiwiliwilini kwenda mwisho wa mkia, anaitwa kinesini. Mpagazi wa kupanda, anayerudisha mizigo kiwiliwilini, anaitwa dainini. Hatua moja ya kinesini ni sehemu nane tu za milioni za milimita, lakini hupigwa hatua nyingi sana kwa sekunde moja.

Safari hiyo ilionekanaje?

Mwaka 1948 mtafiti Paul Weiss na mwenzake walieleza majaribio ya kubana neva za wanyama. Upande ulio karibu na kiwiliwili cha seli ulivimba, kama maji yanavyojaa kwenye lambo ukiziba mkondo. Wakajua kuna kitu kinashuka. Lakini kujua kwamba maji yanapita si sawa na kuyaona yakipita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Robert Allen na wenzake nchini Marekani walifunga kamera ya video kwenye hadubini na kuielekeza kwenye neva ya ngisi. Ngisi ana mkia mmoja wa neva mnene sana, unaoweza kufikia unene wa milimita moja, kwa hiyo ni rahisi kuutoa ukiwa bado hai. Kwa msaada wa kamera, vitu ambavyo hadubini ya kawaida isingevionyesha vilionekana kwenye kioo, vikienda pande zote mbili bila kugongana. Mwaka 1985 Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz wakamtambua mpagazi wa kushuka, kinesini. Miaka michache baadaye dainini naye akatambuliwa kuwa mpagazi wa kupanda.

Baadaye ikaja protini inayong'aa rangi ya kijani, iliyopatikana kwa mnyama wa baharini mwenye mwili laini kama jeli. Waliofanikisha ugunduzi na matumizi yake, Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2008. Kwa protini hii mtafiti anaweza kuitia taa oganeli moja aitakayo. Anakuza seli za neva kwenye chombo maabarani, kwenye joto kama la mwili, anazimulika, kisha anapiga picha baada ya picha kwa muda mfupi mfupi. Akizipanga picha hizo kwa mfululizo anapata mchoro wa safari. Mzigo uliosimama unachora mstari ulionyooka kufuata saa, na mzigo unaosafiri unachora mstari ulioinama. Kadiri unavyokwenda mbio ndivyo mstari unavyoinama zaidi.

Walichokiona hakifanani na mto. Kinafanana zaidi na barabara ya kwetu siku ya mnada. Mitokondria nyingi zimeegeshwa tu. Nyingine inaondoka, inasimama, inageuza, inaondoka tena. Vifuko vidogo vinapita mbio pembeni yake. Mizigo ya haraka kabisa inaweza kwenda hadi sentimita 40 kwa siku, ambayo ina maana kwamba kutoka kiunoni hadi unyayoni ni safari ya siku mbili au tatu.

Shikilia hesabu hiyo, msomaji. Tutaihitaji.

Abiria asiyealikwa

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vilivyomo kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Ukiving'amua kwa hadubini ya elektroni, vina umbo la risasi. Virusi hivi havina miguu wala mabawa. Mbwa anapong'ata huviacha ndani ya nyama. Vikifika kwenye ncha ya neva, neva huvimeza ndani ya kifuko, kama inavyomeza bidhaa zake halali. Kisha dainini, mpagazi wa kupanda, anabeba kifuko kile bila kujua kilicho ndani, na safari ya kuelekea uti wa mgongo na ubongo inaanza.

Hili nalo limetazamwa moja kwa moja. Mwaka 2014 Eran Perlson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapisha utafiti wao. Walikuza seli za neva za panya kwenye kifaa chenye mifereji myembamba inayoruhusu mikia peke yake kupita. Upande wa ncha za mikia wakaweka virusi vya kichaa cha mbwa vilivyotiwa rangi inayong'aa, kisha wakavitazama vikisafiri. Waliona virusi vikipanda pamoja na kipokezi kimoja cha neva kiitwacho p75, ambacho kazi yake ya kawaida ni kupokea chakula cha kuikuza na kuitunza neva. Zaidi ya hapo, virusi vilisafiri kwa kasi kuliko chakula hicho chenyewe. Abiria haramu anaendesha gari kuliko mwenye gari.

Sumu ya pepopunda nayo hupanda kwa barabara hii hii. Ndiyo maana mtu aliyeng'atwa tunamuuliza pia habari za chanjo ya pepopunda.

Muda unapotelea wapi?

Sasa rudi kwenye hesabu yetu. Kama barabara ya neva ni ya siku chache, kwa nini Shirika la Afya Duniani linasema dalili za kichaa cha mbwa kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, na zinaweza kuanza ndani ya wiki moja au kuchelewa hadi mwaka?

Sehemu kubwa ya muda huo haitumiki njiani. Inatumika kituoni. Virusi hubaki kwenye nyama pale mbwa alipong'ata, au karibu na hapo, kabla ya kupata usafiri. Na hapo kituoni ndipo tunapoweza kuvikamata. Sabuni na maji huviua na kuviondoa. Kingamwili tunazozidunga kwenye jeraha huvishika. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili zake wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Lakini virusi vikishapanda ndani ya neva, vimejificha ndani ya seli, mahali ambapo askari wa damu hawafiki kwa urahisi. Vikifika kwenye ubongo na dalili zikaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Hatuna dawa ya kuaminika ya kumrudisha.

Umbali nao una maana yake. Aliyeng'atwa usoni, kichwani au shingoni ana barabara fupi sana hadi kwenye ubongo. Vidole vya mikono vina neva nyingi, kwa hiyo vituo vya kupandia viko tele. Watoto wako hatarini zaidi: ni wafupi, mbwa huwafikia usoni, na mara nyingi huficha kwa kuogopa kugombezwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto chini ya miaka 15.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mchanga, nililetewa binti aliyeng'atwa shavuni. Alikuwa na kiu, akaomba maji, na kikombe kilipomkaribia koo lake likabana, akapiga kelele na kukisukuma. Mama yake alinishika mkono akaniambia, "Lakini kidonda kilishapona." Nilitazama lile shavu. Kilikuwa kimepona kweli. Sijasahau.

Kwa hiyo nilimjibu bibi wa Sola hivi: "Bibi, kidonda ni mlango. Mlango umefungwa, lakini hatujui ni nani aliyeingia kabla haujafungwa. Hizi sindano ni za kumtafuta huyo kabla hajapanda gari." Akakaa kimya kidogo. Kisha akamwambia mjukuu wake anyooshe mkono.

Mtoto aking'atwa, fanya hivi

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Tumia saa. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Dakika 15 ni ndefu, mtoto atalia, lakini hii ni sehemu ya tiba yenyewe, si maandalizi ya tiba. Ukiwa na dawa ya ayodini, paka baada ya kuosha.

Usipake mafuta ya taa, pilipili, majani, unga wa betri wala samadi. Vitu hivi huumiza nyama bila kuua virusi. Usikubali jeraha lishonwe haraka bila sababu kubwa, kwa sababu sindano ya kushonea inaweza kuvisukuma virusi ndani zaidi.

Pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Jeraha lolote lililotoboa ngozi, au mate ya mbwa yaliyogusa kidonda, macho au mdomo, linahitaji chanjo pamoja na kingamwili za kudungwa kwenye jeraha. Mchubuko mdogo usiotoa damu unahitaji chanjo. Mbwa akiilamba ngozi nzima isiyo na kidonda, kuosha kunatosha. Kingamwili hazipatikani kila mahali. Zikikosekana, jeraha lioshwe vizuri na chanjo ianze bila kusubiri.

Tatu, maliza dozi. Siku ya sindano ya kwanza tunaiita siku ya 0. Ipo ratiba ya sindano za ndani ya ngozi za siku ya 0, 3 na 7, na zipo za sindano za msulini zinazochukua wiki mbili hadi nne. Utaambiwa yako, andika tarehe zote ukutani. Mjamzito anachanjwa, anayenyonyesha anachanjwa, mtoto mchanga anachanjwa.

Nne, ukiambiwa chanjo imekwisha, usirudi nyumbani. Uliza hapo hapo: "Ni hospitali gani iliyo karibu iliyo nayo leo?" Omba wapige simu mbele yako. Najua chanjo hii ni mzigo kwa familia nyingi, na nauli ni mzigo mwingine. Ongea na ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa.

Tano, kama mbwa yupo hai na anaweza kufungwa salama, afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Chanjo ianze huku mkimwangalia. Akibaki mzima siku zote 10, daktari anaweza kuisitisha. Akiuawa au akifa, msimfukie haraka. Mwiteni afisa mifugo, kwa sababu kichwa chake kinaweza kupimwa maabara.

Na kama ulichelewa, njoo hata hivyo. Siku 16, mwezi mmoja, hata zaidi, maadamu dalili hazijaanza. Huenda abiria bado yuko kituoni.

Kuziba chanzo

Kwa kuwa karibu vifo vyote vya binadamu kutokana na ugonjwa huu vinatoka kwa mbwa, njia ya uhakika ni kumchanja mbwa. Sisi wa Simiyu tunapakana na Serengeti, na Serengeti ni mahali ambapo ugonjwa huu umefuatiliwa kwa karibu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mbwa mwitu walitoweka kwenye nyanda zile, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa miongoni mwao. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Katie Hampson walichapisha matokeo ya kufuatilia mbwa mmoja baada ya mwingine katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Waligundua kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa humwambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ushee tu. Ni mnyororo mwembamba. Ukichanja mbwa 7 kati ya kila 10, unakatika.

Tanzania imeshauona ukikatika. Kisiwani Pemba uchanjaji wa mbwa uliumaliza ugonjwa huu mwaka 2014. Ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukakomeshwa kwa mara ya pili, kama walivyoeleza Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake. Fundisho la Pemba lina pande mbili: inawezekana, na ukilegea unarudi.

Mjukuu wa bibi alimaliza dozi zake zote, na leo anachunga kama kawaida. Sitasema kwamba chanjo ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu yule mbwa alifukiwa bila kupimwa na hakuna atakayejua alikuwa na nini. Siku ya sindano ya mwisho bibi aliniuliza kama mbwa wake watatu wa nyumbani nao wanachanjwa. Nikampa namba ya afisa mifugo wa kata.

Nawe msomaji, kama una mbwa, mtafute wa kwako wiki hii.